Mgeni wa Juma Moja Aliyekaa Miezi Mitano

Maswali mliyotuletea juu ya kuwashughulisha watoto wakati wa likizo tumeyapokea, na inshallah tutayajibu mwezi ujao. Mwezi huu hatuna budi kusema juu ya jambo lililotokea hapa kwetu Narung'ombe mwaka jana, ambalo sisi wenyewe tulikuwa na mkono katika kuliharibu kabla ya kuwa na mkono katika kulitengeneza. Twalisimulia kwa idhini ya wenyewe, na majina yao tumeyaacha.

Pana mama mmoja mjane, jirani yetu. Marehemu mumewe alipopata fedha nzuri za korosho alijenga nyuma ya nyumba yake safu ya vyumba vinne, akaviezeka bati, akatia vitanda na vyandarua, akawa akiwalaza wageni kwa usiku mmoja au miwili. Mwenye kuijua nchi yetu hii ya Ruangwa na Nachingwea haoni ajabu. Wanunuzi wa ufuta na makarani wao huja tangu Mei mpaka Julai, nyakati za minada ya ushirika wetu wa RUNALI. Wa korosho huanza kuonekana Oktoba. Katikati huja watu wa madini, wa dhahabu na wa kinywe. Na barabara ya kutoka Nanganga kuja Ruangwa ilipokuwa ikitiwa lami katika miaka ya 2020, wakaja na mafundi. Mgeni hufika jioni na vumbi lake, hulipa, hulala, asubuhi huenda zake. Mjane huyu, pamoja na binti yake wa miaka 15 na mjukuu wake wa kiume wa miaka 8, hula kwa vyumba hivyo, na sare na madaftari ya shule hutoka humo humo.

Basi mwanzo wa mwezi wa Mei alikuja kijana mmoja wa bara, karani katika kampuni ya kupima madini, akaomba chumba kwa juma moja. Bei ilikuwa shilingi 8,000 kwa usiku. Akatoa shilingi 56,000 mkononi, hata viatu hajavua. Juma likaisha. Kijana akamwamkia mama na kusema, "Mama, kazi yetu haijakwisha, nitaongeza siku kidogo." Mama akajibu, "Hewala, mwanangu."

Maneno hayo mawili, mama na mwanangu, ni mazuri, wala hatusemi yaachwe. Lakini angalieni yaliyofanya. Karani na mwenye nyumba waweza kuulizana, "Siku kidogo ni ngapi, na kwa bei gani?" Mama na mwanawe hawaulizani hivyo. Ikapita Mei, ikaja Juni. Kijana alikuwa akitoa fedha kila apatapo, leo 20,000, baada ya siku kumi 30,000, na mama akipokea na kusema ahsante bila kuhesabu mbele yake, kwani kuhesabu fedha mbele ya mwanao ni kumtuhumu. Msimu wa ufuta ulipochanganya, wageni wa usiku mmoja walipiga hodi wakaambiwa vyumba vimejaa, na chumba kilicho kizuri kuliko vyote kilikuwa cha huyu kijana.

Katika mwezi wa Julai mama alitujia baada ya darasa la watoto. "Maalim," akasema, "mgeni wangu haondoki wala hasemi lini ataondoka. Nifanyeje?" Nasi tukamjibu jibu la haraka, la mtu aliyekwisha vaa kanzu kwenda kuswalisha. Tukamwambia mgeni ni baraka, asubiri, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Akaenda zake. Tuliona tumefanya wema.

Hilo ndilo kosa letu. Twajua, na watoto wa darasani kwetu wajua, kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Tena akakataza mgeni kukaa kwa mwenzake mpaka akamtia katika dhiki. Na wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulilishika neno ukarimu tukaiacha mipaka yake. Tena si hivyo tu. Mjane huyu hakuwa akikirimu, alikuwa akikodisha. Ukarimu una mlango wake na ijara ina mlango wake katika vitabu vya fikihi, na tulimtia mwanamke maskini baina ya milango miwili, hana thawabu za mwenye kukirimu wala fedha za mwenye kukodisha.

Mwisho wa Septemba alikuja mara ya pili. Safari hii hakuuliza afanyeje. Alisema, "Maalim, mgeni wangu simwoni kuwa mtu mbaya. Ila leo nimeuza kuku wawili kununua LUKU, na taa inayowaka usiku kucha ni yake." Kisha akanyamaza, na baada ya kitambo akasema tena kwamba binti yake sasa hawezi kwenda bafuni bila kutuma mtoto aangalie kwanza nani yuko uani, na kwamba majirani wameanza kuuliza kwa nini kijana wa watu hana kwao. Tuliona haya.

Siku ya pili yake, baada ya Alasiri, tukakaa barazani kwa mama: yeye, ndugu yake wa kiume, kijana, na sisi. Kijana alikuja kwa adabu, akatuamkia shikamoo, akaketi. Tukamwuliza mama anamdai kiasi gani. Mama hakuandika kitu, lakini ndugu yake alikuwa na hesabu. Tangu tarehe 1 Mei mpaka tarehe 30 Septemba ni siku 153. Kwa 8,000 ni shilingi 1,224,000. Zilizolipwa, pamoja na za juma la kwanza, ni 310,000. Zimesalia 914,000.

Kijana aliposikia hesabu ile alisimama, akaketi tena. "Shikamoo mama," akasema, kana kwamba amemwona sasa hivi. "Mimi nilijua nimekuzidishia." Naye akatoa hesabu yake. Alikuwa amesikia kwamba chumba cha mwezi hupatikana kwa shilingi 50,000. Miezi mitano ni 250,000, naye ametoa 310,000. Kwa hesabu yake mama ndiye mwenye deni, shilingi 60,000, na alikuwa ameamua moyoni kumsamehe kwa sababu ya wema wake.

Wasomaji wetu, hapakuwa na mwongo barazani pale. Mmoja alikuwa akikodisha kwa usiku, mwingine akipanga kwa mwezi, katika chumba kile kile, muda wa miezi mitano, wakiamkiana kila asubuhi. Kijana naye alikuwa na yake: kampuni haikuwa imemlipa kwa miezi miwili, na kila juma huambiwa angoje juma lijalo. Hakusema siku ya kuondoka kwa kuwa hakuijua.

Maulamaa hawakuliacha jambo hili bila njia. Mtu akitumia nyumba ya mwenzake na bei haikutajwa sawasawa, hairejewi hesabu ya huyu wala ya yule. Hutazamwa ijara ya mfano wake, yaani kitu kama kile, mahali kama pale, watu hukikodi kwa kiasi gani. Juma la kwanza lilikuwa na bei iliyotajwa, basi likabaki kwa 8,000. Siku 146 zilizobaki hazikuwa na bei. Chumba cha 50,000 alichokisikia kijana ni chumba kitupu, mpangaji aja na kitanda chake na ndoo yake. Cha mama kina kitanda, shuka zinazofuliwa, chandarua, umeme, na madumu mawili ya maji kila siku, na maji hapa Narung'ombe si kitu cha kudharau. Wanajeshi wa Kiingereza na wa Kijerumani walipopigana hapa tarehe 19 Julai 1917, visima vilikuwa katika yaliyogombewa. Kwa upande wa pili, mgeni wa miezi hafuliwi shuka kila siku, wala chumba chake hakilali bure msimu ukiisha, na kwa hiyo si haki alipe kama wa usiku mmoja. Tukawauliza watu watatu wenye vyumba, kila mmoja peke yake. Ikatulia kwa shilingi 3,000 kwa siku, yaani 90,000 kwa siku 30. Siku 146 zikawa 438,000. Ukitia na 56,000 za juma la kwanza ni 494,000. Ukitoa alizolipa, deni ni 184,000. Ndugu yake mama alinung'unika, kijana naye akanung'unika, tukajua tumekaribia haki.

Likabaki la mbele, maana kijana alitaka kuendelea kukaa. Tuliwakumbusha habari ya Nabii Musa, amani imshukie, katika Sura ya Al-Qasas. Alifika Madyan mkimbizi, hana kitu, akawanyweshea kondoo wanawake wawili kisimani, akaitwa nyumbani kwa baba yao, akakirimiwa. Huo ulikuwa ugeni. Kisha yule mzee alipotaka akae, hakumwambia kaa tu, tutaonana. Alimwekea miaka minane ya kazi, na akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Na Musa akakubali kwa maneno yaliyo wazi, Mwenyezi Mungu akiwa shahidi. Mkimbizi asiye na nyuma wala mbele, naye aliwekewa muda. Haikuwa ukatili, kwa kuwa alijua siku anayokuwa huru.

Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii jambo hili limekazwa sana. Kauli inayotegemewa ni kwamba kusema "nakukodisha nyumba hii kila mwezi kwa kiasi kadhaa" bila kutaja ni miezi mingapi hakusihi, kwa kuwa muda haujulikani. Wako maulamaa wa madhehebu mengine wanaosema husihi kwa mwezi wa kwanza. Lakini tazameni jinsi wote wanavyoikimbia ijara isiyo na mwisho. Sisi tulipokuwa vijana chuoni tuliona ni ugumu wa vitabu. Baada ya baraza ile twaona ni huruma.

Basi wakaandikiana, kwa kuwa Sura ya Al-Baqara, katika aya ya deni, imetuamrisha kuandika na kushuhudiza, deni likiwa dogo au kubwa. Karatasi yao haikuzidi ukurasa mmoja wa daftari la shule. Chumba ni kile cha pili kutoka mlangoni. Muda ni mwezi wa Oktoba, tangu tarehe 1 mpaka 31, na neno mwezi ni mwezi wa kalenda ya serikali. Tuliliandika hilo kwa kuwa mwezi wa hilali huwa siku 29 au 30, na watu wamegombana kwa siku moja. Kodi ni 90,000, hulipwa mwanzo. Umeme wa chumba kile ajinunulie mwenyewe. Maji madumu mawili. Shuka kubadilishwa kila Ijumaa. Deni la nyuma la 184,000, atatoa 84,000 sasa na 100,000 kabla ya mwezi kwisha. Akitaka kuongeza muda, aseme siku kumi kabla, na mama ana ruhusa ya kukataa, kwa sababu Novemba wanunuzi wa korosho wamekwisha jaa na vyumba vyake ndivyo shamba lake. Kila fedha ikitolewa iandikwe mbele ya wote wawili, na kila mmoja abaki na nakala yake. Mama akasema hajui kuandika vizuri. Binti yake akasema yeye ajua.

Yako mengine yaliyozungumzwa ambayo twaona yatawafaa wenye nyumba, hasa wale wa mjini Ruangwa na Nachingwea wanaoanza kujenga vyumba kwa ajili ya watu wa madini.

La kwanza ni mlango. Katika chumba cha usiku mmoja mwenye nyumba huingia asubuhi kufagia, na mgeni ajua hivyo. Lakini mtu aliyekodi mwezi, chumba kile ni nyumba yake mpaka muda uishe, na amri ya Sura ya An-Nur ya kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yako inamhusu mwenye ufunguo wa pili kama inavyomhusu mpita njia. Mama alikuwa akiingia kuchukua vyombo wakati kijana hayupo, kwa nia njema. Kijana hakupendezwa, lakini angemwambiaje mama yake?

Kisha vitu kuharibika. Ndugu yake mama alitaka kijana alipe kitasa kilichovunjika. Sheria yetu ni kwamba mali iliyokodiwa ni amana mikononi mwa aliyekodi. Hailipi ikiharibika kwa matumizi ya kawaida, hulipa alipopuuza au kuvuka mpaka. Kitasa kile kilikuwa na umri wa miaka tisa. Matengenezo ya bati linalovuja, mlango na ufunguo ni juu ya mwenye nyumba, na asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Takataka anazozalisha mpangaji mwenyewe ni juu yake kuzitoa. Hayo yameandikwa vitabuni karne nyingi kabla ya korosho kupandwa Narung'ombe.

Na habari ya wanawake wa nyumbani, ambayo ndiyo iliyomtoa mama machozi. Mgeni wa usiku mmoja hupita kabla ya kujua mlango wa jikoni uko wapi. Wa miezi mitano ameishajua nani huamka saa ngapi. Hatukumtuhumu kijana, wala hatukuona kwake ila heshima. Lakini nyumba yenye mwanamwali haiendeshwi kwa kutegemea heshima ya watu peke yake. Tukaweka ua wa makuti baina ya vyumba na uwanja wa nyuma, kazi ya siku mbili, na safu ile ikafunguliwa mlango wake wa kutokea barabarani. Chakula, kama ataagiza, hupelekwa na mjukuu. Mambo haya yangefanywa siku ya kujenga, gharama ingekuwa ndogo. Marehemu hakuwaza kuwa mtu atakaa.

Tena mtu akikaa muda mrefu ajulikane. Daftari la wageni mama analo, jina la kijana lilikuwa limeandikwa mara moja tu, la juma la kwanza, na sehemu ya tarehe ya kuondoka ilikuwa imejazwa tarehe 8 Mei. Kwa daftari lile alikuwa amekwisha ondoka! Lau lingetokea jambo, ugonjwa au mashtaka, mama angejibu nini? Tukampeleka kijana kwa mtendaji wa kijiji na kitambulisho chake. Zamani, tangu siku za mabalozi wa nyumba kumi, hilo lilikuwa jambo la kwanza kabisa kwa mgeni, hata kabla hajala.

Jirani mmoja alituambia pembeni kwamba kijana yule si wa dini yetu, basi kwa nini tunajisumbua na vitabu kwa ajili yake. Angetolewa begi lake nje yakaisha. Tulimjibu kwamba Mtume alipohama Makka kwenda Madina, kiongozi wake wa njia alikuwa mtu wa kukodiwa asiyekuwa Mwislamu, akakabidhiwa ngamia na kuahidiana naye penye pango baada ya siku tatu, na ahadi ikatimizwa pande zote mbili. Begi la mtu halitolewi nje, wala halifungiwi ndani likawa rehani bila ya yeye kukubali. Mwenye deni aliye na dhiki hungojwa mpaka apate wasaa, hiyo nayo ni aya; lakini kumngoja kwa deni la nyuma hakukulazimishi kumwongezea deni jipya la mbele, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wenye huruma hupotea. Waweza kusema, "Lililopita nakungoja, ila mwezi ujao chumba kina mtu mwingine." Si dhambi kusema hivyo. Ni afadhali kuliko kunung'unika jikoni miezi mitano.

Wasomaji watataka kujua yaliyokuwa. Kijana alilipa 84,000 na kodi ya Oktoba, nyingine tulisikia aliikopa kwa mwenzake. Kampuni ilimpa sehemu ya mshahara wake, akaondoka tarehe 29 Oktoba, siku mbili kabla ya muda wake, baada ya kufagia chumba na kumpa mama ufunguo mkononi mbele ya ndugu yake. Katika zile 100,000 alitoa 60,000. Arobaini zimebaki, zimeandikwa, na mara moja amepiga simu kusema hajasahau. Bado amwita mama.

Chumba kilipata mnunuzi wa korosho usiku ule ule. Mlangoni sasa pana karatasi iliyobandikwa kwa mwandiko wa binti: bei ya usiku, bei ya juma, bei ya mwezi, na chini yake maneno kwamba atakayezidi siku saba aonane na mama kabla ya siku ya nane. Tulimwambia angeongeza bismillahi juu. Akasema nafasi haikutosha, ataandika nyingine.